Akikuweka, Atarudi

Mwezi huu naanza na kuungama. Kuna siku nilichukua hela ya kodi ya nyumba, nikampa kijana ambaye hata sikuwa namfahamu vizuri, na baba watoto hakujua kitu. Usiende mbali, hayakuwa mambo ya mapenzi. Yalikuwa mambo ya biashara. Ila kwa jinsi nyumba ilivyonuna wiki ile, ungedhani nimefumaniwa.

Ngoja nianze mwanzo.

Wengi wenu mnanijua kama mhariri tu, lakini mimi na mwenzangu tuna mradi wa pembeni. Tunapamba kumbi. Send-off, kitchen party, harusi, na kipaimara kikitokea hatukatai. Tulianza mwaka 2016 hapa Dar tukiwa na vitambaa vichache, vinara vya kukodi na gari la kuazima. Wateja wetu wa mwanzo wote walikuja kwa njia ya mdomo: shangazi kamwambia jirani, jirani kamwambia mwenyekiti wa kamati, mwenyekiti katupigia simu usiku anaomba apunguziwe bei. Maisha yakaenda.

Mwaka 2018 mambo yakapoa. Wikiendi tatu mfululizo vitambaa vimekunjwa stoo, na sisi tumekaa sebuleni tunaangalia harusi za wenzetu kwenye simu. Tulikuwa na tovuti yetu ndogo, tuliyotengenezewa kwa bei ya kirafiki. Waliokuwa wanaifungua nadhani ni mimi, mume wangu, na dada yangu aliyeko Mwanza.

Ndipo akatokea huyo kijana. Anajua kuongea, Mungu kamjalia. "Dada, kazi yenu ni nzuri, tatizo hamuonekani." Akasema ataiweka tovuti yetu kwenye tovuti 600 ambazo watu wanahifadhi na kushirikishana linki. Google ikiona tumetajwa kote huko, itatupandisha ukurasa wa kwanza. Bei shilingi 450,000, kazi ya wiki moja.

Hela ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya bahasha kabatini, tunajazia kidogo kidogo kodi ya miezi sita. Nikajiambia dili likitiki nitairudisha kabla hajaihesabu. Wewe uliyewahi kujiambia hivyo unajua kilichofuata.

Mwenye shahada yake

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mambo haya niliyasoma. Mwaka 2008 nilikuwa chuoni nachukua shahada ya mawasiliano. Kompyuta ya kwako mwenyewe ilikuwa ndoto, tulikuwa tunapanga foleni intaneti kafe. Sasa ukikuta ukurasa mzuri, unauwekaje ili kesho uupate tena? Ukiuhifadhi kwenye kompyuta ya kafe, kesho unakuta amekaa mtu mwingine, au mwenye kafe ameshafuta kila kitu. Tulikuwa tunaandika anwani za tovuti kwenye daftari, herufi kwa herufi. Ukikosea nukta moja, umeliwa.

Mhadhiri wetu mmoja akatufungulia macho. Akatuonyesha Delicious, tovuti aliyoianzisha Mmarekani Joshua Schachter mwaka 2003, na Yahoo wakainunua mwaka 2005. Unafungua akaunti, ukikutana na ukurasa unaoutaka unauhifadhi huko mtandaoni badala ya kwenye kompyuta, unaupa lebo ya maneno yako mwenyewe, mfano "harusi" au "mapishi". Kesho hata ukiwa kafe nyingine, vitu vyako unavikuta. Na uzuri zaidi, ulikuwa unaona wengine wamehifadhi nini chini ya lebo hiyo hiyo.

Wafanyabiashara wa kule majuu wakanusa harufu ya hela haraka sana. Ukurasa uliohifadhiwa na watu wengi ulipanda juu na kuonekana na wengi zaidi. Kwenye Digg, iliyoanza mwaka 2004, watu walikuwa wanapiga kura. Ukurasa ukipendwa sana na kufika mbele, wageni waliujia kwa maelfu hadi tovuti ndogo zinazidiwa na kuzimika. Basi watu wakaanza kutafuta njia za mkato: akaunti za uongo, makundi ya kupigiana kura, na vijana wa kukuuzia "tovuti 600".

Shahada ninayo, imeandikwa jina langu. Na bado nikatoa bahasha.

Orodha ya marehemu

Wiki ilipoisha kijana akaniletea orodha ya kazi aliyofanya, kurasa na kurasa. Nikaanza kusoma kwa furaha. Ukurasa wa kwanza tu, naona Delicious. Moyo ukastuka. Delicious ilishauzwa mwezi Juni 2017 kwa mwenye Pinboard, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuhifadhi kitu kipya. Nikashuka chini, naona StumbleUpon. Hiyo nayo ilishafungwa mwishoni mwa Juni 2018, na sisi tulikuwa Agosti. Yaani nililipia tangazo kwenye nyumba za marehemu.

Hizo nyingine zilizokuwa hai hazikuwa na mtu. Zilijaa linki za dawa za kupunguza mwili, mikopo na kamari, na katikati yake sisi na mapambo yetu ya send-off. Hesabu ya wageni kwenye tovuti yetu ilipanda kweli, lakini wageni wenyewe walikaa sekunde mbili tatu wakaondoka. Simu haikuita hata mara moja.

Na hata ile hadithi ya Google ilikuwa imeshapitwa na wakati. Tangu mwaka 2005 Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana alama maalumu ambayo tovuti inaweza kuitia kwenye linki zinazowekwa na watu wa nje, ili zisihesabiwe kama sifa. Mwaka 2012 Google wakaleta mabadiliko waliyoyaita Penguin, yakawashusha chini wengi waliojijengea linki za bandia. Na leo ukisoma kanuni zao, linki za kwenye tovuti duni za kuhifadhi kurasa zimetajwa waziwazi kuwa ni takataka. Kwa maneno mengine, nililipa ili nishushwe.

Bahasha

Baba watoto alihesabu hela siku ya Jumapili. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliweka bahasha mezani, akaniuliza taratibu, "Mama watoto, hii imekuwaje?" Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Hela inatafutwa. Lakini ungenionyesha kabla, si tungeangalia wote?" Akaenda kulala.

Ile kodi tuliipata kwa kukopa kwa kaka yake, na najua haikuwa rahisi kwake kwenda kumuomba mdogo wake. Kwa siku nne tuliongea mambo ya watoto tu: nani amle nini, nani amchukue nani shule. Msomaji wangu, wewe uliye kwenye ndoa unazijua siku za namna hiyo. Mnapishana koridoni kama wapangaji.

Siku ya tano akaja na daftari lake la kaunta. Mimi nilikuwa nalidharau lile daftari. Tangu tuanze biashara, kila mteja alikuwa anamuuliza, "Umetujuaje?", anaandika jibu, jina, namba ya simu na tarehe ya shughuli. Akalifungua mezani. Karibu kila mstari ulikuwa na kitu kimoja: mtu aliona kazi yetu ukumbini, akaipiga picha au akaomba picha, akakaa nayo, akaja baadaye. Wengine miezi sita baadaye, mmoja mwaka mzima.

"Hawa hawakutuona tu," akaniambia. "Walituweka."

Bibi harusi na picha ya "Ulaya"

Sikumuelewa vizuri hadi mwaka uliofuata. Alikuja bibi harusi mtarajiwa na mama yake mdogo. Kama kawaida, akatoa simu, akafungua Pinterest. Anayefanya kazi ya harusi mjini hapa anaijua hiyo hatua. Bibi harusi wa siku hizi haelezi, anaonyesha. Ana picha za keki, za gauni, za viti, za kucha, zote amezipanga kwenye ubao wake.

Akanionyesha picha moja. "Dada, hii ndiyo naitaka. Najua ni ya Ulaya, lakini mnaweza kujaribu?"

Nikaitazama. Vitambaa vya rangi ya pichi, taa ndogo zimening'inizwa, na kile kinara cha tatu kimeinama kidogo kulia. Kinara kile nakijua. Kilianguka kwenye gari tukakinyoosha kwa mkono. Ilikuwa kazi yetu, kwenye ukumbi wa hapa hapa Dar.

"Mdogo wangu, hii tumefanya sisi."

Hakuamini hadi baba watoto alipoleta picha nyingine za siku ile. Ndipo akasema kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka kinanichoma: "Dada, nimetafuta aliyefanya hii kwa miezi minne!" Aliyeiweka Pinterest hakuandika jina letu wala mji, na ukiibonyeza ilikuwa haikupeleki popote. Mtu alituweka moyoni miezi minne, na sisi tupo mjini hapa hapa tunamlilia mteja, na hakuna hata neno moja la kumleta kwetu. Alitufikia kwa sababu mama yake mdogo alitujua. Bahati tu.

Nililipa 450,000 ili nitajwe mahali ambapo hakuna mtu, na pale watu walipokuwa wametuhifadhi kwa hiari yao sikuwa nimeandika hata namba ya simu.

Tulichofanya sisi

Sasa tuje kwenye kazi. Najua wengi wenu mna biashara zenu: keki, ushonaji, nywele, samani, upigaji picha. Haya ndiyo tuliyoyafanya baada ya hapo. Hakuna la kulipia hata moja, ni muda wako tu.

1. Tulifungua akaunti ya biashara. Pinterest ilianza mwaka 2010, na mwaka 2024 ilivuka watumiaji milioni 500 kwa mwezi. Akaunti ya biashara ni bure. Inakuruhusu kuthibitisha kwamba tovuti fulani ni yako, na inakuonyesha watu wangapi wameihifadhi picha yako na wangapi wamebonyeza kuja kwako. Hizo namba mbili ndizo ninazoziangalia. Waliopita na kuona tu siwahesabu.

2. Kila picha tukaipa njia ya kurudi nyumbani. Ukiibonyeza inakupeleka kwenye ukurasa wa kazi hiyo kwenye tovuti yetu, na pale kuna namba ya WhatsApp. Na kwenye kona ya picha yenyewe tunaandika jina letu kwa herufi ndogo, kwa sababu picha zinahama. Mtu akiichukua akaipeleka kwingine, jina linakwenda nayo.

3. Tukaandika maneno ya mteja. Mwanzo niliandika kimhariri: "Usiku wa ndoto za dhahabu." Nani anatafuta hivyo? Bibi harusi anaandika "mapambo ya send-off Dar es Salaam" au "rangi ya pichi na dhahabu". Ndivyo tunavyoandika sasa. Na kwa kuwa wengi wanachanganya, tunaweka Kiswahili na Kiingereza.

4. Tukasimamisha picha. Pinterest yenyewe inashauri picha ya wima, upana 1000 kwa urefu 1500. Ya kulala inaonekana ndogo kwenye simu, mtu anaipita.

5. Tukawahi. Huku mtu anahifadhi kabla ya shughuli, wakati bado anapanga. Picha za harusi za Desemba ukiziweka Desemba umechelewa, kamati imeshakaa na mpambaji ameshalipwa nusu. Sisi za mwisho wa mwaka tunaanza kuziweka katikati ya mwaka. Na uzuri wake, picha hazifi haraka. Ile ya Instagram baada ya siku mbili imezikwa. Huku picha ya miaka mitatu iliyopita bado inaleta simu.

6. Tuliomba ruhusa. Picha ya harusi ya watu si mali yako. Siku hizi iko kwenye mkataba, bibi na bwana harusi wanachagua. Wapo wanaosema chukua meza na maua, sisi usituonyeshe. Sawa kabisa. Na picha ya mpambaji mwenzako usiiweke kama ya kwako, hata kama ni ya Brazil. Dunia ni ndogo, mimi ni shahidi.

7. Hatukujipigia makofi wenyewe. Hakuna akaunti kumi za shemeji na wifi za kuhifadhi picha zetu. Na ukitaka kwenda Reddit, nenda kwanza kama mwanachama: jibu maswali ya watu, saidia, soma sheria za kila kundi. Ukiingia siku ya kwanza na linki ya duka lako watakufukuza, na wana haki. Ni kama mtu anayekuja msibani na kuanza kugawa kadi za biashara.

Hata Instagram, tangu Desemba 2016 kuna kitufe cha kuhifadhi. Wanaobonyeza moyo wanakusalimia tu, wanapita. Aliyebonyeza kuhifadhi ana mpango na wewe. Ukiona posti ina mioyo 30 na imehifadhiwa mara 20, hiyo ndiyo kazi ya kuirudia.

Usijenge kwenye kiwanja cha mtu

Kuna moja la mwisho. Mwaka 2010 Digg walibadilisha tovuti yao ghafla, wanachama wakakasirika na kuhamia Reddit kwa makundi. Miaka miwili baadaye Digg ikauzwa kwa bei ya hasara. Delicious na StumbleUpon nimeshakusimulia. Hata Pocket, ambayo wengi tuliitumia kuweka makala za kusoma baadaye, ilifungwa Julai 2025. Hakuna hata moja iliyofungwa kwa sababu ya kosa la mfanyabiashara aliyeitegemea. Mwenye kiwanja aliamua tu.

Kwa hiyo Pinterest yetu tunaipenda, lakini ni barabara. Nyumba ni tovuti yetu, na nguzo ya nyumba ni lile daftari la kaunta nililokuwa nalidharau. Sasa limefika la nne. Jina, simu, tarehe, na jibu la lile swali: "Umetujuaje?" Usiache kuuliza. Swali hilo halihitaji intaneti, na lingeokoa bahasha yangu.

Kwa walio wawili

Kaka wa mume wangu tulimlipa, ilichukua miezi mitano. Na kuna sheria moja ndani ya nyumba tangu siku ile: hakuna hela ya biashara inayotoka bila wote wawili kuangalia. Hata kama ni shilingi 20,000. Mwanzo niliona ni kubanwa. Siku hizi naona ni kupumzika, maana kosa likitokea ni letu.

Kama mna mpango wa pamoja, kuna kitu kizuri cha kujaribu. Pinterest inaruhusu ubao wa siri, na unaweza kumkaribisha mwenzako mkawa mnauona ninyi wawili tu. Wachumba wanapanga harusi humo bila kamati kuchungulia. Sisi wetu ni wa nyumba tunayojenga pole pole, tofali kwa tofali. Mimi naweka, yeye anaweka, hatuambiani.

Wiki iliyopita niliufungua nikakuta ameweka jiko. Dirisha kubwa juu ya sinki, na kibaraza kidogo cha kuanikia vyombo. Jiko la namna hiyo nililitaja mwaka 2017, siku moja tukiwa kwenye daladala tumebanana, akaitikia "mmh" huku anaangalia nje. Nikajua hajasikia.

Kumbe alikuwa ameliweka.

Tukutane mwezi ujao. Na bahasha ya kodi, tafadhali, iache kabatini.